Namna ya kulisoma jiwe: kutoka punje za madini hadi historia ya mwamba

Ukiokota jiwe, swali linalokuja mdomoni kwanza ni "Hili linaitwaje?" Liweke kando swali hilo. Anayeanza kujifunza miamba hukimbilia jina: hutazama rangi, hulinganisha jiwe na picha, hukosea, kisha hukata tamaa. Jina hujileta lenyewe ukishajibu maswali matatu. Jiwe lina madini gani? Punje zake zimeshikanaje? Limepatwa na nini tangu lilipoumbika? Swali la pili ndilo lenye habari nyingi kuliko yote, na ndilo wengi wanalolipita bila kulitazama.

Kabla ya kushika nyundo, weka sawa tofauti hii. Madini ni kitu yabisi cha asili chenye mchanganyiko wake maalumu wa kikemia, na atomi zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia pande zote. Mpangilio huo ndio unaozaa fuwele. Mwamba ni punje za madini zilizoshikamana, za aina moja au za aina kadhaa. Chumvi ni madini. Tabaka nene la chumvi lililo chini ya ardhi ni mwamba. Vighairi vipo: obsidiani ni kioo cha volkano kisicho na fuwele, na makaa ya mawe yametokana na mimea, lakini vyote viwili huhesabiwa kuwa miamba.

Aina za madini zilizokwisha kutambuliwa zimepita 5,000. Usishtuke. Elementi nane tu zinabeba karibu asilimia 98 ya uzito wa gamba la dunia: oksijeni ina takriban asilimia 46, silikoni asilimia 28, kisha zinafuata aluminiamu, chuma, kalisiamu, sodiamu, potasiamu na magnesiamu. Kwa kuwa oksijeni na silikoni zimejaa kila mahali, madini mengi yamejengwa kwa hizo mbili, nayo huitwa silikati. Kundi moja tu la silikati, feldispa, ni karibu nusu ya gamba lote. Kwa hiyo ukiyafahamu vizuri madini saba au manane, mawe mengi utakayokutana nayo hayatakushinda.

Hatua ya 1: Pata uso mpya wa jiwe

Anzia kwenye kingo za mto, ufukweni, mahali barabara ilipokatwa mlimani, au kwenye machimbo ya kokoto ukiwa na ruhusa ya mwenye eneo. Mto hukuletea mawe ya aina nyingi mahali pamoja, ila haukwambii yametoka wapi. Mwamba ulio bado mahali pake hukuonyesha na majirani zake, na majirani ni nusu ya habari.

Vifaa ni vichache: nyundo, miwani ya kukinga macho, kioo cha kukuzia cha mara 10, kisu cha chuma, sumaku ndogo, kichupa cha siki, kigae cha kaure kisicho na mng'aro (upande wa nyuma wa kigae cha ukutani unafaa), daftari na penseli. Miwani vaa kila unapogonga, hata kama ni mara moja tu. Usisage jiwe kavu ukavuta vumbi lake, maana vumbi la silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, huharibu mapafu. Wala usilitie jiwe motoni: maji yaliyonaswa ndani yakigeuka mvuke hulipasua, na vipande huruka.

Uso wa nje wa jiwe ni mdanganyifu. Hewa na maji huugeuza rangi, kutu huupaka wekundu, kuvu huuziba. Gonga kona moja upate uso mpya. Ukiona ganda la rangi tofauti linaloizunguka sehemu ya ndani, pima unene wake uandike. Tutalirudia ganda hilo mbele. Kisha ulowanishe uso mpya kwa maji, na punje zitajitokeza wazi. Hapo ndipo kioo cha kukuzia kinapofanya kazi, na ni vizuri ukishike karibu kabisa na jicho, ulilete jiwe kwenye kioo, si kioo kwenye jiwe.

Hatua ya 2: Yapime madini, rangi iwe ya mwisho

Rangi ndiyo inayoonekana upesi na ndiyo inayopotosha upesi. Korundamu ikiwa na chembe kidogo za kromiamu huwa nyekundu na kuitwa yakuti. Ikiwa na chuma na titaniamu huwa ya buluu na kuuzwa kwa jina jingine kabisa. Madini ni yale yale. Kwatzi huweza kuwa nyeupe, ya waridi, ya zambarau, ya moshi au isiyo na rangi. Basi fanya vipimo.

Cha kwanza ni ugumu. Friedrich Mohs alipanga ngazi yake mwaka 1812, kutoka laini hadi gumu: talki 1, jasi 2, kalisiti 3, floriti 4, apatiti 5, feldispa 6, kwatzi 7, topazi 8, korundamu 9, almasi 10. Namba hizi zinaonyesha nani anamkwaruza nani, basi. Almasi haiipiti korundamu kwa ugumu wa hatua moja tu bali kwa mara kadhaa. Ukucha wako ni kama 2.5, na kisu cha kawaida au kioo cha dirisha ni kama 5.5. Kwaruza punje moja ya madini, si mwamba mzima, kwa sababu mwamba uliolegea humomonyoka hata kama punje zake ni ngumu. Ukishakwaruza, pangusa kwa kidole chenye maji. Wakati mwingine mstari unaouona ni chuma cha kisu kilichobaki juu ya jiwe, wala jiwe halijadhurika.

Cha pili ni namna punje inavyopasuka, na hapa pana utajiri, kwa sababu mpasuko hufuata mpangilio wa atomi. Kwatzi haina njia ya kupasukia, hivyo huvunjika ovyo, ikiacha nyuso zilizopinda zenye mng'aro wa kioo. Feldispa hupasuka katika nyuso mbili bapa zinazokutana kwa pembe ya karibu nyuzi 90. Ukiligeuzageuza jiwe juani utaona punje zake zikimeta kwa pamoja kisha kuzimika. Ulanga hubanduka katika tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu. Kalisiti hutoa vijisanduku vilivyoinama. Kati ya madini meusi mawili yanayochanganywa mno, piroksini hupasuka kwa pembe ya karibu nyuzi 90, na honiblendi kwa karibu 60 na 120. Hilo la mwisho linataka subira na kioo cha kukuzia. Usilihangaikie siku ya kwanza.

Kisha siki. Dondosha tone kwenye unga uliokwaruza: kalisiti itatoa mapovu ya kaboni dioksidi. Dolomiti, ndugu yake mwenye magnesiamu, hutoa mapovu kwa uvivu sana. Kipimo hiki kimoja kinatosha kuitenga kalisiti nyeupe na kwatzi nyeupe, na ugumu unathibitisha, maana kwatzi hukwaruza kioo lakini kalisiti haiwezi.

Kigae kitumie kwa madini yenye metali. Hematiti huweza kuonekana nyeusi au ya fedha, ila ukiisugua kwenye kigae huacha mstari wa kahawia-nyekundu kila mara. Piriti, ambayo imewadanganya wengi waliodhani wamepata dhahabu, huacha mstari mweusi wenye ukijani. Dhahabu huacha mstari wa dhahabu. Sumaku ikishika punje nyeusi, hiyo kwa kawaida ni magnetiti.

Na uzito nao usiudharau. Lipime jiwe hewani, kisha lining'inize kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini ulipime tena. Gawa uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili. Jiwe la gramu 270 hewani na gramu 170 majini lina msongamano wa 2.7, yaani mara 2.7 ya maji, ambao ni wa granaiti. Kwatzi ni 2.65, basalti iko karibu na 3.0, piriti 5.0, galena, madini ya risasi, 7.5.

Hatua ya 3: Angalia punje zimeshikanaje

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote. Weka kioo cha kukuzia jichoni na utazame mipaka kati ya punje na punje, si punje zenyewe. Utaona moja ya hali tatu.

Punje zimefungamana. Kila moja imejaza nafasi iliyoachwa na mwenzake, hakuna matundu wala gundi katikati, na zimeelekea kila upande bila mpango. Zilikua hapo hapo zilipo. Mara nyingi hii ni miamba ya moto, iliyotokana na kupoa kwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, au lava, yaani magma iliyotoka juu.

Punje zimegandishwa. Zina umbo lake zenyewe, nyingine zimeviringika, na katikati yake kuna kitu kingine kinachozishika, au matundu. Dondosha maji: jiwe litayanywa. Punje hizi ziliumbika kwingine, zikasafiri, zikatua hapa. Hii ni miamba mashapo.

Punje zimelazwa. Zimefungamana kama zile za kwanza, ila zimeelekea upande mmoja, au zimejitenga katika mikanda ya rangi nyeupe na nyeusi. Kuna kitu kilizikandamiza zikiwa tayari ni mwamba. Hii ni miamba geu.

Kuna mawe yanayovuka mipaka hii, na ni afadhali uyajue mapema. Marumaru na kwatziti ni miamba geu lakini haina mistari, kwa sababu zimejengwa kwa madini ya aina moja ambayo hayana umbo bapa la kulazwa. Ukikuta jiwe lililofungamana lote kwa madini mamoja, lipime: likiwa laini na kutoa mapovu, huenda ni marumaru; likikwaruza kioo, huenda ni kwatziti. Mwamba wa chumvi nao hufungamana, ingawa uliumbika maji ya bahari au ziwa yalipokauka. Kutofautisha jiwe la mchanga na kwatziti, livunje: la mchanga hupasuka likizizunguka punje na huacha uso wa kukwaruza, kwatziti hupasuka katikati ya punje na huacha uso laini.

Sasa fuata njia ya jiwe lako.

Hatua ya 4: Punje zikiwa zimefungamana, pima mwendo wa kupoa

Ukubwa wa fuwele hukuambia muda. Magma iliyokwama kilomita kadhaa chini ya ardhi hupoa kwa maelfu ya miaka hadi mamilioni, na atomi hupata nafasi ya kujipanga. Fuwele zake huonekana bila kioo. Granaiti ni ya namna hiyo. Lava iliyofika juu hupoa kwa saa, siku au miaka michache, na fuwele hubaki ndogo mno, kama ilivyo kwa basalti. Ikipoa ghafla kabisa hakuna fuwele, ni obsidiani. Gesi ikinaswa ndani huacha matundu, na pumisi huwa na matundu mengi hivi kwamba huelea majini. Ukikuta fuwele kubwa zimezama katikati ya punje ndogo, jiwe lilipoa kwa awamu mbili: polepole kule chini, kisha upesi lilipopanda.

Unaweza kujionea kanuni hii mezani kwa shabu. Yeyusha shabu katika maji ya moto mpaka isiyeyuke zaidi, gawa katika vikombe viwili. Kimoja kiweke kwenye maji ya barafu. Kingine kifunge taulo zito ukiache hadi kesho yake bila kukigusa. Cha kwanza kitajaa fuwele ndogo ndogo, cha pili kitakuwa na chache zilizo kubwa. Ni mmumunyo, si magma, lakini muda wa kukua unafanya kazi ile ile.

Madini yenyewe hukuambia joto. Norman Bowen, kwa majaribio ya maabara aliyoyachapisha mwaka 1922, alionyesha kwamba madini hayagandi yote kwa pamoja magma inapopoa. Olivini, madini ya kijani, hutangulia, kisha piroksini, kisha honiblendi na ulanga mweusi. Sambamba na hayo, feldispa yenye kalisiamu nyingi hugeuka taratibu kuwa yenye sodiamu nyingi. Mwishoni kabisa huja feldispa ya potasiamu, ulanga mweupe na kwatzi. Fuwele za mwanzo zikizama na kuachwa nyuma, magma iliyobaki huwa na kemia tofauti na ile iliyoanza. Hivyo chungu kimoja cha magma huweza kuzaa zaidi ya mwamba mmoja. Lava ya basalti hutoka ikiwa na nyuzi kama 1,000 hadi 1,200 za Selsiasi. Magma ya granaiti huweza kubaki majimaji chini ya nyuzi 800.

Kwa hiyo ukiona olivini na kwatzi katika jiwe moja la moto, litazame tena. Hazikai pamoja isipokuwa kwa nadra.

Hatua ya 5: Punje zikiwa zimegandishwa, fuatilia safari

Uliza maswali matatu kuhusu punje. Zina ukubwa gani? Punje za mchanga ni za kuanzia milimita 1/16 hadi 2. Zilizo kubwa kuliko hizo ni changarawe na mawe, zilizo ndogo ni tope na udongo wa mfinyanzi. Maji yaendayo kasi hubeba mawe, maji yaliyotulia huacha tope litue. Tabaka la changarawe juu ya tabaka la tope lina maana kwamba mkondo uliongeza nguvu.

Zimeviringika kiasi gani? Pembe kali ni dalili ya safari fupi. Mviringo ni dalili ya safari ndefu, au ya kusuguliwa na mawimbi kwa muda mrefu.

Zimebaki madini gani? Hapa pana jambo la kufikirisha. Feldispa ndiyo nyingi kuliko yote katika gamba, mbona mchanga mwingi wa fukwe ni kwatzi? Kwa sababu feldispa huoza njiani ikawa udongo wa mfinyanzi, na kwatzi haiozi kirahisi. Mchanga wenye feldispa nyingi bado haujasafiri mbali, au umetoka nchi kavu au yenye baridi ambako kemia ya maji haikufanya kazi sana. Ufukwe wa Papakōlea huko Hawaii una mchanga wa kijani wa olivini, madini yanayoharibika upesi. Uko hivyo kwa sababu kilima cha volkano kinachoutoa kiko pale pale ufukweni.

Kisha angalia gundi. Mchanga ukizikwa hukandamizwa na uzito wa tabaka za juu, maji hupita katikati yake na kuacha madini kwenye matundu. Kalisiti hutoa mapovu kwa siki. Silika hufanya jiwe kuwa gumu mno. Oksidi ya chuma hulipaka jiwe wekundu. Jiwe moja huweza kuwa na gundi mbili, moja juu ya nyingine.

Mawe ya chokaa yana njia yake: mengi yamejengwa na magamba na mifupa ya viumbe wa majini. Yatafute kwa kioo, na ukiviona visukuku usivigonge.

Hatua ya 6: Punje zikiwa zimelazwa, kadiria joto na mgandamizo

Kosa linalorudiwa sana ni kudhani kwamba miamba geu iliyeyuka. La. Mwamba ukiyeyuka na kuganda upya unakuwa mwamba wa moto. Mageuzi haya hutokea ndani ya mwamba ulio yabisi: atomi huhama, madini ya zamani huvunjika, mengine huota mahali pake, na mwamba hauwi majimaji wakati wote huo.

Joto huongezeka kwa nyuzi kama 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita unayoshuka katika gamba la kawaida la mabara. Mageuzi huanza kwenye nyuzi 200 hivi. Ufuate mwamba wa tope kushuka chini: kwanza chembe za udongo hugeuka ulanga mdogo usioonekana, uliolala upande mmoja, na mwamba unakuwa sleti inayopasuka katika vibao bapa. Ukishuka zaidi ulanga hukua hadi ukaonekana ukimeta, na hiyo ni shisti. Ganeti huanza kuota ndani yake, nyekundu, zenye pande nyingi. Joto likipita nyuzi 600 madini meupe na meusi hujitenga katika mikanda, na hiyo ni naisi. Kwenye nyuzi 650 hadi 700, kukiwa na maji, sehemu nyeupe huanza kuyeyuka, na umerudi kwenye magma.

Mwaka 1893 George Barrow, akifanya kazi katika milima ya Scotland, aligundua kwamba anaweza kuchora ramani ya joto la kale kwa kutazama madini yanayotokea: kloriti, kisha ulanga mweusi, ganeti, staoroliti, kayaniti, na silimaniti kwenye joto kubwa zaidi. Kayaniti na silimaniti zina fomula moja ya kikemia, pamoja na ndugu yao wa tatu, andalusiti. Kinachozitofautisha ni mpangilio wa atomi tu. Kayaniti hupenda mgandamizo mkubwa, andalusiti mdogo, silimaniti hupenda joto. Ukizijua hizi tatu una kipimajoto na kipimo cha kina mkononi mwako.

Lakini mbona mwamba ukipanda juu haurudii hali yake ya kwanza? Kwa sababu umepoa, na maji yaliyokuwa yakisaidia atomi kuhama yameshatoka. Almasi huumbika kwenye kina cha zaidi ya kilomita 150 hivi. Hapa juu, kwa sheria za kemia, ingepaswa kuwa grafiti, ila mwendo wa kugeuka ni wa polepole kiasi kwamba hakuna anayeuona.

Hatua ya 7: Soma ganda la nje

Sasa lirudie lile ganda ulilolipima. Madini yaliyoumbika kwenye joto na mgandamizo mkubwa hayana raha juani na mvuani. Maji ya mvua hubeba kaboni dioksidi na huwa na asidi kidogo. Hugeuza feldispa kuwa udongo na chuma kuwa kutu. Mwaka 1938 Samuel Goldich alionyesha kwamba mpangilio wa kuharibika unafanana na ule wa Bowen: olivini, iliyotangulia kuganda, hutangulia kuoza, kwatzi, ya mwisho kuganda, ni ya mwisho kuoza. Ukikuna ganda kwa kisu utaona ni madini gani yamelainika na yapi yamebaki.

Kuna na nguvu zisizo za kemia. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9 na kuupanua ufa. Granaiti iliyofukuliwa kutoka kina kirefu hutuliwa uzito uliokuwa juu yake, ikapasuka katika maganda makubwa yaliyopinda.

Kasi hutofautiana mno. Ol Doinyo Lengai nchini Tanzania hutoa lava ya kabonati isiyo na mfano kwenye volkano nyingine hai, yenye nyuzi kama 500 hadi 600 tu, nyeusi inapotoka. Madini yake hayavumilii unyevu, na ndani ya siku chache lava hiyo huwa nyeupe. Mojawapo ya madini hayo huitwa nyerereiti, kwa heshima ya Julius Nyerere. Upande wa pili wa mizani kuna zirkoni, madini yasiyoharibika kirahisi. Punje za zirkoni kutoka Jack Hills, Australia, zina umri wa hadi miaka bilioni 4.4, ilhali mwamba unaozibeba ni mdogo kwa zaidi ya miaka bilioni moja. Miamba iliyozizaa imepotea, punje zimebaki. Mwamba mzima wenye umri mkubwa uliopimwa bila shaka, naisi ya Acasta huko Kanada, una miaka kama bilioni 4.

Hatua ya 8: Panga matukio kwa zamu

Mchoro wa mzunguko wa miamba unaofundishwa shuleni, wenye mishale inayozunguka kwa upole, una ukweli lakini unapotosha. Hakuna zamu ya lazima. Jiwe la mchanga huweza kumomonyoka na kuwa jiwe la mchanga tena mara kadhaa bila kugusa joto lolote. Granaiti huweza kugeuka naisi bila kupita juu ya ardhi. Usiuchukue mchoro kama ratiba. Tafuta ushahidi wa nani alitangulia.

Kanuni ni chache. Kinachokata kingine ni kichanga kuliko kilichokatwa: mshipa mweupe wa kwatzi unaovuka mikanda ya naisi ulikuja baada ya mikanda. Kipande kilichomo ndani ya mwamba ni kikongwe kuliko mwamba wenyewe. Tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu, isipokuwa kama zimepinduliwa. Kwenye mwamba wa moto uliopenya kati ya miamba mingine, tazama ukingo: punje za pembeni huwa ndogo kuliko za katikati, kwa kuwa pembeni palipoa upesi.

James Hutton alitumia macho ya namna hii huko Siccar Point, Scotland, mwaka 1788. Aliona tabaka zilizosimama wima, zimekatwa juu, na juu yake tabaka nyingine nyekundu zimelala kwa mteremko mdogo. Basi tope na mchanga vilitua baharini, vikawa mwamba, vikainuliwa vikasimama, vikamomonyoka, kisha mchanga mwingine ukatua juu na kuwa mwamba nao. Leo pengo kati ya makundi hayo mawili linajulikana kuwa la makumi ya mamilioni ya miaka.

Katika daftari andika kwa mtindo huo huo, tukio moja kwa mstari, la zamani likiwa chini. Mfano wa jiwe moja la mtoni, ukisomwa kutoka mstari wa chini kwenda juu: tope lilitua, likazikwa na kukandamizwa, likafika joto la kuotesha ganeti, likapasuka na mshipa wa kwatzi ukajaza ufa, likainuliwa, mto ukaling'oa na kuliviringisha, ganda la kutu la milimita 2 limeanza. Kisha ndipo uandike jina: shisti ya ganeti.

Hatua ya 9: Litunze

Paka doa dogo la rangi nyeupe kwenye kona isiyo na maana, liandike namba, na namba hiyo hiyo iwe daftarini pamoja na mahali ulipolitoa na kama lilikuwa limeshikamana na mwamba au limelala huru. Mawe yasiyo na mahali pa kutoka hupoteza thamani yake yote ya kusomwa. Funga kila moja kwenye karatasi, usiyachanganye makavu na yenye unyevu. Chumvi ya mawe hunyonya maji ya hewani na kulowana. Piriti ndiyo ya kuangaliwa zaidi: katika hewa yenye unyevu huungana na oksijeni, hutoa asidi ya salfa, hubomoka kuwa unga, na asidi yake hula karatasi, sanduku na mawe ya chokaa yaliyo jirani. Iweke peke yake, mahali pakavu.